Taifodi sugu: vidonge vinavyotuishia mkononi, na karatasi ya Widal inavyochangia (uzi mrefu)

#1 Msoma Sahani (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nafanya kazi maabara, kitengo cha kuotesha vimelea. Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi kwa sababu ni mrefu, lakini kila nikiingia humu nakuta mtu ameuliza, "Nimepimwa nina taifodi, sipro imegoma, nimeze nini sasa?" (sipro ni siprofloksasini, antibayotiki ya vidonge) na chini yake watu ishirini wamemtajia dawa ishirini. Inaniuma, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo nimetoka kuzisoma dawa hizo kwenye sahani na nimeona zipi hazifanyi kazi tena. Leo nimekaa niandike. Dozi sitamwandikia mtu, hiyo ni kazi ya daktari aliyekuona. Ninachotaka mjue ni jinsi sipro ilivyogoma, na kwamba mara nyingine haikugoma: taifodi yenyewe haikuwepo.

Nianzie mezani kwangu. Damu ya mgonjwa inaletwa kwenye chupa yenye mchuzi wa kulishia bakteria. Inakaa kwenye inkubeta, kwenye joto la mwili wa binadamu. Kama bakteria wamo, baada ya siku moja au mbili mchuzi unavurugika. Natoa tone, napaka kwenye kioo, natazama kwa hadubini: vijiti vya rangi ya waridi. Nahamishia kwenye sahani, na kwenye neli yenye chakula kilichogandishwa kwa mshazari. Kesho yake, kama ni bakteria wa taifodi, yaani Salmonella Typhi, neli ile inaonyesha kitu ambacho kila mtu wa maabara anakijua: chini njano, juu nyekundu, gesi hakuna, na pale rangi mbili zinapokutana kuna mstari mweusi mwembamba kama masharubu yanayoanza kuota. Nikiona masharubu hayo naacha ninachofanya na kumpigia daktari simu, hata kabla vipimo vingine havijakamilika.

Baada ya hapo ndipo tunauliza: huyu bakteria anasikia dawa gani? Nampaka kwenye sahani mpya, juu yake naweka diski, vikaratasi vya mviringo vilivyolowekwa dawa, kila kimoja dawa yake. Usiku kucha dawa inasambaa kutoka kwenye diski. Asubuhi, bakteria anayesikia dawa anakuwa ameacha duara safi kuzunguka diski, nami nalipima kwa rula, kwa milimita. Kwa sipro, duara la milimita 31 na zaidi maana yake dawa inafanya kazi. Milimita 20 kushuka chini ni sugu. Kati ya hapo ni eneo la mashaka.

Sahani niliyoisoma wiki hii: sipro milimita 17. Ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli (ile wengi mnaiita septrini) hazikuwa na duara lolote. Bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wa diski, wameizingira kama hakuna kitu pale. Mwenye damu ile ni mtoto. Alikuwa ameshamaliza dozi mbili za sipro kabla hajatolewa hiyo damu.

Naendelea chini na historia, maana bila historia hatuelewi tulifikaje hapa.

#2 Msoma Sahani (mleta uzi)

Kabla ya mwaka 1948 taifodi haikuwa na dawa. Mtu alikuwa anaungua homa wiki tatu hadi nne, na hatari kubwa ikija wiki ya tatu, pale utumbo mwembamba unapoweza kutoboka. Kati ya wagonjwa 10, mmoja au wawili walikuwa wanafariki.

Mwaka 1948 madaktari wakiongozwa na Mmarekani Theodore Woodward walikuwa katika nchi ya Malaya (leo ni sehemu ya Malaysia) wakijaribu dawa mpya, kloramfenikoli, kwa homa nyingine kabisa inayoenezwa na utitiri. Baadhi ya wagonjwa wao ikaja kugundulika kwamba walikuwa na taifodi, na homa ikashuka ndani ya siku chache. Vifo vikaporomoka hadi karibu mtu 1 kwa kila 100. Fikirini furaha ya daktari wa zama zile.

Haikudumu. Mwaka 1972 Mexico ilipata mlipuko wa taifodi isiyosikia kloramfenikoli, watu zaidi ya 10,000 wakaugua. Mwaka huohuo usugu huo ukaonekana Kerala, India. Watu wakahamia ampisilini na kotrimoksazoli. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa amepatikana bakteria asiyesikia dawa zote tatu kwa mpigo, ndiye anayeitwa sugu kwa dawa nyingi. Wakahamia sipro na ndugu zake. Miaka ya 1990 haijaisha, sipro nayo ikaanza kuyumba, kwanza Vietnam na nchi za Asia ya Kusini na Kati. Wakahamia seftriaksoni, ile sindano. Kuanzia Novemba 2016, Hyderabad katika jimbo la Sindh, Pakistan, akatokea bakteria asiyesikia dawa tatu za zamani, wala sipro, wala seftriaksoni. Huyo amebakiza azithromaisini kwa upande wa vidonge, na meropenemu na wenzake kwa upande wa dripu. Basi.

Rudieni kuisoma hiyo aya mkihesabu ni mara ngapi nimeandika "wakahamia". Kila tulipohama, bakteria alitufuata.

Tena hakai alipozaliwa. Ukoo unaoitwa H58 ulianzia Asia ya Kusini, ukaenea Asia yote, ukavuka mpaka Afrika Mashariki na Kusini. Blantyre, Malawi, ndipo mfano unaonitisha zaidi: mwaka 2010 bakteria wa taifodi sugu kwa dawa nyingi walikuwa asilimia 6.8 ya waliooteshwa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 96.8. Miaka minne tu. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliotoka mwaka 2022 ulikadiria kwamba bakteria sugu wa taifodi wamevuka mipaka ya nchi karibu mara 200 tangu 1990.

#3 Mwanafunzi wa Biolojia

Mkuu shukrani, nondo nzito. Naomba ufafanue kidogo: bakteria anapata usugu vipi? Shuleni tuliambiwa "anazoea dawa". Ni kweli anazoea?

#4 Msoma Sahani (mleta uzi)

Swali zuri sana, kwa sababu neno "kuzoea" linapotosha. Bakteria mmoja mmoja hazoei chochote. Kinachotokea ni kwamba kati ya mamilioni, mmoja amezaliwa na hitilafu ndogo kwenye jeni yake ambayo kwa bahati inamkinga. Dawa inaua wenzake wote, yeye anabaki na uwanja mtupu. Watoto wake wote wanarithi hitilafu ile.

Kwa taifodi kuna njia mbili, nazo zina tabia tofauti.

Ya kwanza ni hiyo hitilafu ya jeni yake mwenyewe. Sipro inaua kwa kukamata kimeng'enya ambacho bakteria anakitumia kukunjua uzi wake wa DNA. Ikibadilika herufi moja tu kwenye jeni inayoitwa gyrA, sipro haishiki vizuri tena. Lakini hashindi moja kwa moja: hitilafu ya kwanza inampa usugu nusunusu, anahitaji dawa nyingi zaidi ili afe. Ya pili inaongeza, ya tatu inafunga mlango. Huo usugu nusunusu ulitusumbua miaka mingi, sababu kwa vipimo vya zamani maabara ilikuwa inaandika "anasikia sipro", huku mgonjwa kitandani haponi. Ndiyo maana mipaka ya kusomea duara ilikazwa mwaka 2012. Kama maabara yako bado inatumia jedwali la zamani, naomba ubadilishe kesho asubuhi.

Ya pili ni plasmidi. Hiki ni kipande cha DNA cha duara, kiko pembeni ya DNA kuu, na bakteria anaweza kumpa jirani yake. Kumpa kabisa, kama mtu anavyompa mwenzake ufunguo wa akiba, na yeye akabaki na wake. Wala si lazima jirani awe wa jamii moja. Yule bakteria wa Hyderabad alipewa na bakteria mwingine wa tumboni, uwezekano mkubwa Escherichia coli, na plasmidi ile ilibeba jeni ya kuvunja seftriaksoni pamoja na jeni ya kumsaidia bakteria kukwepa sipro.

Hapa ndipo naomba mnisikilize. E. coli wako tumboni mwa kila mmoja wetu, hatuugui. Unapomeza antibayotiki kwa mafua, ambayo ni virusi na dawa hiyo haiyagusi, mafua hayasikii chochote ila E. coli wako wanachujwa, wanabaki walio sugu. Siku bakteria wa taifodi akipita tumboni humo, ghala la silaha liko wazi. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuugua taifodi maishani anaweza kuwa sehemu ya tatizo hili.

#5 Kaunta ya Dawa

Nasimama kaunta ya duka la dawa mwaka wa nane sasa. Mtu anakuja na karatasi imeandikwa Widal O 1:160, H 1:160, "ana taifodi". Anataka dawa. Nikimwambia arudi hospitali ananiona namnyima. Anaenda duka la pili anapewa. Sasa mimi nifanye nini? Msitulaumu sisi tu.

#6 Msoma Sahani (mleta uzi)

Mkuu, sikulaumu hata kidogo, na nashukuru umejitokeza. Karatasi hiyo ndiyo kiini cha uzi huu, na lawama yake inaanzia kwetu sisi wa maabara tunaoitoa.

Widal ni kipimo cha mwaka 1896, kina jina la daktari Mfaransa Fernand Widal. Hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili unaacha baada ya kupambana. O na H ni aina mbili za kingamwili hizo, na 1:160 ni kiasi ambacho damu imezimuliwa na bado zikaonekana. Tatizo ni kwamba alama zile zinabaki. Uliugua taifodi zamani ukapona? Zinaweza kuwepo. Ulipata Salmonella wa aina nyingine anayesababisha kuharisha tu? Zinafanana. Malaria na maambukizi mengine nayo yanaweza kuvuruga majibu. Mahali ambapo taifodi ipo muda wote, watu wazima wengi wenye afya tele ukiwapima leo utapata namba kwenye karatasi.

Kipimo chenyewe kilikusudiwa kufanywa mara mbili, siku 10 hivi zikiwa zimepita katikati, uone kama namba imepanda mara nne au zaidi. Nani anafanya mara mbili? Sijawahi kuona. Tunafanya mara moja, tunaandika 1:160, mtu anatoka na neno "taifodi" na orodha ya dawa. Wiki mbili baadaye homa nyingine, kipimo kilekile, namba ileile, antibayotiki nyingine. Kuna watu wananiambia "mimi nina taifodi sugu, nimetibiwa mara sita mwaka huu." Ndugu yangu, yawezekana hukuwahi kuwa nayo hata mara moja. Kilichokuwa sugu ni namba ya kwenye karatasi.

Na kila dozi kati ya hizo sita imepita tumboni kwa E. coli niliowaeleza hapo juu.

#7 Zamu ya Usiku

Mimi ni tabibu. Naheshimu uliyoandika ila nina ubishi. Unaongea kama kuotesha damu kupo kila kona. Nilipo mimi hakuna chupa, hakuna inkubeta. Mgonjwa kaja ana homa siku ya 8, kalegea, tumbo linauma, malaria imetoka hasi. Nimwambie asubiri sahani? Atanifia mkononi. Tena hata kuotesha kwenyewe kunakosa wagonjwa wengi. Huo ndio ukweli wa kitandani.

#8 Msoma Sahani (mleta uzi)

Daktari, nakubaliana nawe karibu yote, na naomba radhi kama niliandika kana kwamba mgonjwa asubiri. Asisubiri. Chupa ya damu inachukuliwa kwanza, dozi ya kwanza inafuata palepale. Ni suala la mpangilio wa dakika kumi, si la siku tatu. Ninachoomba kwa wenye chupa ni kwamba damu isitoke *baada* ya dozi, maana hapo hata mimi sitaona kitu.

Kweli kuotesha kunakosa. Kwa wastani damu inamnasa bakteria kwa wagonjwa kama 6 kati ya 10 wenye taifodi ya kweli. Uboho wa mfupa unanasa wengi zaidi, ila nani atamchoma kila mwenye homa kwenye mfupa? Sababu ni kwamba bakteria wenyewe ni wachache mno kwenye damu: mara nyingi hawafiki hata mmoja kwa kila mililita. Wengi wamejificha ndani ya seli, kwenye ini, wengu na uboho. Ndiyo maana kiasi cha damu ni kila kitu. Naletewa chupa ya mtu mzima ina mililita mbili. Mililita mbili! Anayetoa damu anaona amemhurumia mgonjwa, kumbe amemnyima jibu. Kwa mtu mzima naomba 8 hadi 10.

Kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoota" halimaanishi hakuna taifodi. Mgonjwa wako wa siku ya 8 unamtibu kama taifodi kwa akili yako ya kitabibu, na uko sahihi. Ubishi wangu ni juu ya yule wa homa siku ya 2, anayetembea, aliyetibiwa kwa karatasi ya Widal peke yake. Hao ni wengi kuliko wako.

Na kule kusiko na maabara kabisa, tunaweza kusaidiana kwa njia hii: hospitali kubwa inayootesha itoe kila mwaka jedwali la dawa zipi zinasikika na zipi hazisikiki kwenye eneo lake, lifike mpaka kwenye zahanati. Ukijua kwamba kwenye eneo lako sipro imeshaanguka, hutaianza hata kama huna chupa.

#9 Zamu ya Usiku

Hapo tumeelewana. Jedwali hilo sijawahi kulipokea. Nitaliulizia.

Swali moja la kikazi: kuna wenzangu wanachoma jentamaisini kwa taifodi kwa sababu majibu ya maabara yameandikwa "S", yaani bakteria anaisikia dawa. Unasemaje?

#10 Msoma Sahani (mleta uzi)

Asante kwa kuuliza hili hadharani. Jentamaisini kwenye sahani inatoa duara zuri sana kwa Salmonella Typhi. Kwenye mwili haifanyi kazi. Sababu ni ileile: bakteria yuko ndani ya seli, na jentamaisini haiingii ndani ya seli vya kutosha. Sahani haina seli, kwa hiyo inadanganya. Vivyo hivyo kwa sefalosporini (jamii ya seftriaksoni) za kizazi cha kwanza na cha pili. Miongozo ya maabara inasema wazi kwamba dawa hizo zisiripotiwe "S" kwa Salmonella. Maabara inayoandika hivyo imekosea, naomba iambiwe kwa upole lakini iambiwe.

Azithromaisini ni kinyume chake: inajazana ndani ya seli, palepale bakteria alipojificha. Ndiyo sababu imekuwa tegemeo.

#11 Mama Pacha

Habari zenu. Nimesoma uzi wote nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda. Mwanangu mmoja ana miaka 7, homa wiki nzima, walimtoa damu ya kuotesha wakaanza azithromaisini siku hiyohiyo. Leo ni siku ya 3 ya dawa na jioni homa imepanda tena 39. Ndugu zangu wananiambia dawa imegoma, nibadilishe. Majibu ya damu bado. Nimechanganyikiwa.

#12 Msoma Sahani (mleta uzi)

Pole sana mama. Nakujibu wewe kwanza, mengine yatasubiri.

Homa ya taifodi haishuki haraka hata dawa ikiwa sahihi. Kwa azithromaisini, mara nyingi inachukua siku 4 hadi 6, wengine mpaka 7, ndiyo iache kabisa kupanda. Siku ya 3 jioni kuwa na 39 si ushahidi kwamba dawa imegoma. Tazama mwelekeo: je, kilele cha leo kiko chini kidogo ya cha juzi? Mtoto anakunywa? Anacheza hata kidogo homa ikiwa chini? Usibadilishe wala kuongeza dawa kwa ushauri wa ndugu au wetu humu.

Ila kuna mambo ambayo hayasubiri siku ya 6. Tumbo likivimba au likawa gumu na kuuma ghafla, kinyesi kikiwa cheusi au chenye damu, akitapika kila anachomeza, akisinzia kupita kiasi au kuongea visivyoeleweka, mrudishe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Na kesho asubuhi wapigie maabara. Uliza, "Chupa ya mwanangu imeonyesha chochote?" Una haki ya kuuliza. Sisi huwa tunajua kabla karatasi haijachapwa.

#13 Zamu ya Usiku

Naunga mkono kila neno hapo. Mama, ukiona moja ya hizo dalili usingoje kujibiwa humu.

#14 Kaunta ya Dawa

Kumbe! Mimi hii ya siku 4 hadi 6 sikuijua. Watu wanarudi siku ya 3 wanasema dawa imegoma nami nawapandishia nyingine. Nimefanya hivyo mara nyingi. Inaniuma sasa.

#15 Msoma Sahani (mleta uzi)

Mkuu, si wewe peke yako. Kubadilisha dawa siku ya 3 ndiyo njia rahisi ya kuwaonyesha bakteria dawa mbili, tatu, bila kuwaua kwa hata moja.

Na niseme hili la azithromaisini kwa uzito wake, kwa sababu kuna watu wameanza kuona ndiyo mkombozi. Usugu wake unahitaji hitilafu moja tu. Si tatu kama sipro. Bakteria wana bomba kwenye ukuta wao la kusukuma dawa nje. Kwenye jeni ya bomba hilo, acrB, kuna sehemu moja, namba 717, ikibadilika tu bomba linaanza kuisukuma azithromaisini nje. Bakteria wa namna hiyo wameshapatikana Bangladesh na nchi jirani zake. Sasa mweke huyo pembeni ya yule wa plasmidi ya Hyderabad. Wakikutana kwenye mwili mmoja na sifa zao zikaungana, hakuna kidonge. Mgonjwa wa taifodi ambaye leo anatibiwa akiwa nyumbani atahitaji kulazwa na dripu ya meropenemu mara kadhaa kwa siku. Kwa wagonjwa wangapi vitanda hivyo vipo? Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa milioni 9 wa taifodi kwa mwaka, na vifo 110,000.

Na azithromaisini hii tunaimeza kwa kikohozi.

#16 Mwanafunzi wa Biolojia

Je, dawa za zamani zikipumzishwa, bakteria hawasahau? Nimewaza kwamba kubeba plasmidi ni mzigo.

#17 Msoma Sahani (mleta uzi)

Umewaza kama mtafiti. Ndiyo, inatokea: baadhi ya maeneo ya India na Nepal, baada ya kloramfenikoli na wenzake kuachwa miaka mingi, sehemu kubwa ya bakteria wa taifodi sasa wanazisikia tena. Ni habari njema na kuna madaktari wanaofikiria kuzirudisha kwa uangalifu. Lakini usiitegemee sana. Baadhi ya bakteria wa ukoo wa H58 wamehamisha jeni zile za usugu kutoka kwenye plasmidi na kuzishonea kwenye DNA yao kuu. Huyo hana mzigo wa kutua tena. Na kwa sipro, hitilafu za gyrA hazionekani kumlemea bakteria, kwa hiyo hana sababu ya kuziacha.

#18 Kaunta ya Dawa

Na chanjo? Watu wananiuliza kama ipo ya kweli au ni maneno.

#19 Msoma Sahani (mleta uzi)

Ipo, na ndiyo sehemu inayonipa moyo katika habari hii yote. Chanjo mpya ya taifodi, ile iliyounganishwa na protini, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2017. Ni sindano moja, inaweza kutolewa kuanzia mtoto wa miezi 6. Majaribio ya Nepal, Bangladesh na Malawi yalionyesha inazuia takriban wagonjwa 8 kati ya kila 10. Pakistan ilikuwa nchi ya kwanza kuiingiza kwenye chanjo za kawaida za watoto, Novemba 2019, kwa sababu ya yule bakteria wa Hyderabad, na ilionekana kufanya kazi hata dhidi yake. Chanjo haijali kama bakteria ni sugu au la, inamkabili kabla dawa haijahitajika. Na mtoto asiyeugua hamezi antibayotiki, kwa hiyo inakata mti kwenye shina. Kama nchi yako inaitoa, mpeleke mtoto.

Maji safi na vyoo sivifafanui, mnajua. Niseme tu kwamba Marekani ilishusha taifodi kwa kuchuja maji na kuyatia klorini kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita, miaka mingi kabla kloramfenikoli haijavumbuliwa.

Kitu ambacho watu husahau ni wabebaji. Kati ya kila wagonjwa 100, wachache, kama 2 hadi 5, wanapona kabisa lakini bakteria anabaki kwenye mfuko wa nyongo, hasa wenye mawe humo, na anatoka kwenye choo kwa miaka. Mary Mallon, mpishi wa New York, ndiye anayejulikana zaidi: hakuwa na dalili yoyote, na alitengwa kisiwani mpaka kifo chake mwaka 1938. Huwa namhurumia sana. Hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa kwamba mtu mzima wa afya anaweza kubeba ugonjwa.

#20 Mama Pacha

Nimerudi. Nilipiga simu maabara kama ulivyosema. Imeota. Salmonella Typhi. Sipro R (yaani sugu), ampisilini R, kotrimoksazoli R, seftriaksoni S, azithromaisini S, wameandika milimita 16. Daktari amesema tuendelee na dawa ileile mpaka siku zote ziishe. Jana ilikuwa siku ya 5 jioni, 37.8. Leo siku ya 6, mchana, 36.9, ameomba kwenda nje nimemkatalia.

Pacha wake hana homa lakini nina wasiwasi naye.

#21 Msoma Sahani (mleta uzi)

Mama, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Milimita 16 kwa azithromaisini ni salama, mpaka wake ni 13 na zaidi. Maliza siku zote zilizoandikwa hata akianza kukimbia ua zima. Karatasi hiyo ya majibu usiitupe, ipige picha: homa ikirudi ndani ya wiki tatu hivi, maana taifodi hurudi kwa baadhi ya watu, mpelekee daktari pamoja na mtoto, naye aombe damu ioteshwe upya.

Kwa pacha: usimpe dawa ya kujikinga. Mpime joto asubuhi na jioni kwa wiki mbili tatu, mikono na sabuni kila atokapo chooni na kabla ya kula, na vivyo hivyo kwa nduguye. Akipanda homa, mpeleke na useme mwenzake ameoteshwa taifodi, uonyeshe ile picha. Na kabla hawajampa kidonge cha kwanza, waombe chupa ya damu.

#22 Zamu ya Usiku

Mleta uzi, nimewaandikia hospitali ya rufaa kuhusu jedwali la dawa. Wamejibu kwamba takwimu wanazo, hakuna aliyewahi kuziomba. Nitakuletea hapa wakizituma.

#23 Msoma Sahani (mleta uzi)

Nazisubiri, daktari. Na mimi leo nimeongea na mkuu wa kitengo chetu: kila karatasi ya Widal itakayotoka itakuwa na mstari chini yake kwamba kipimo hiki peke yake hakithibitishi taifodi. Amekubali tuanze Jumatatu.